Neno la Pili la Daktari

Daftari langu la maneno ya pua bado ninalo. Lina jalada jeusi, mchwa wamelitafuna pembeni, na kurasa zake za mwanzo zimeandikwa kwa mwandiko wa kijana aliyekuwa na haraka ya kuonekana msomi. Kila neno nililipa mistari mitatu: juu jinsi linavyoandikwa kitabuni, katikati jinsi linavyotamkwa, nimelikata silabi kwa silabi, na chini maana yake kwa Kiswahili. Wageni wakija huomba kuliona, kwa kuwa wamesikia kwamba mzee huyu aliwahi kuwa mkalimani wa madaktari. Nawaonyesha, wanacheka, wanajaribu kutamka, nami nachoka. Hawajui kwamba lina ukurasa mmoja ambao mstari wake wa chini niliuacha mtupu kwa zaidi ya miaka miwili.

Nilianza kuyakusanya maneno hayo Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, mwishoni mwa miaka ya arobaini. Nilikuwa dresa, mtu wa kuosha vidonda na kufunga bendeji. Wachimbaji walipanda kutoka shimoni pua zimejaa tope la kijivu, na daktari wa pale alikuwa na mazoea ya kuanza na pua hata kama mtu amekuja na jino. Alikuwa akiingiza koleo dogo lenye kioo, anachungulia, anataja neno, nami ninaandika jinsi nilivyolisikia. Jioni nilimwomba kitabu chake nikasahihisha. Septamu: ukuta unaotenga tundu moja la pua na jingine. Sainasi: vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Polipi: kinyama kinachoota ndani ya pua. Anozimia: kutosikia harufu. Hilo la mwisho nililipenda kupita kiasi, nikawa nalitumia hata mahali pasipohusika, nikila ugali na wenzangu nasema leo nina anozimia kwa sababu tu dagaa hawakunukia.

Mkubwa wetu pale zahanati alikuwa Mzaramo, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, na kwa kuwa mimi ni Msukuma alikuwa mtani wangu, basi hakunionea huruma. Sisi Wasukuma herufi ya ra hutupiga chenga, inageuka la kabla hatujaijua. Nikisema "linaitisi," yeye anajishika mbavu.

"Wewe mtani, huo ulimi wako umefanywa kwa ajili ya kuitia ng'ombe," alikuwa akiniambia. "Sema ri. Ri!"

Nikasema ri asubuhi, nikasema ri mchana, mpaka ikakaa. Yeye ndiye aliyenipa maneno ya kwao pwani ambayo sikuwahi kuyasikia. Epistaksisi, alisema, ni muhina tu, kutokwa damu puani. Na ule mfupa unaoinua pua usoni unaitwa mwanzi wa pua. Na mtu anayesemea puani ana king'ong'o. Niliyaandika yote. Siku moja nilimwuliza kwa nini yeye, anayejua mengi kuliko mimi, hajishughulishi kuyatamka ya kizungu. Alikuwa anachemsha sindano, hata hakugeuka.

"Mtani, mgonjwa hakuja kukusikia unavyotamka," alisema. "Mwambie anaumwa nini, aende zake akajitibu."

Niliona ni maneno ya mtu aliyezeeka.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilihamia hospitali moja Shinyanga, nikapata chumba na ua Ngokolo, nikamchukua mke wangu na watoto wetu wawili. Pale nilikuwa mkalimani zaidi kuliko dresa. Daktari alikuwa mzungu mwembamba wa Kiingereza kitupu, mwenye subira ya asubuhi tu. Ikifika saa tano subira imekwisha. Wagonjwa walikaa kwenye mabenchi barazani tangu alfajiri, wengi wametoka mashambani na wanajua Kisukuma peke yake. Nilisimama kati ya daktari na mgonjwa kutwa nzima. Anachosema huyu nakipeleka kule, anachosema yule nakileta huku, na jioni kichwa changu kilikuwa hakina neno hata moja la kwangu. Nilikuwa nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza habari za kazi, nami nashindwa kumjibu. Kazi ya kusema inachosha kuliko ya jembe. Najua watu hawaniamini, lakini nimefanya zote mbili.

Sasa nimfikie mama mkwe wangu, maana ndiye mwenye habari hii.

Alikaa kijiji cha Didia, mjane, mwenye shamba la pamba, karanga na mtama, na nguvu za kulilima mwenyewe. Kwa desturi yetu, mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawatazamani. Nikimwona anakuja njiani nilikuwa naingia porini mpaka apite, na yeye akinitangulia kuniona anageuza uso na kujifunika kwa nguo. Hatuli pamoja, hatukai chumba kimoja, na maneno yetu hupitia kwa mke wangu, ambaye huyabeba kutoka chumbani hadi jikoni na kuyarudisha. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo tuliitunza vizuri. Nilikuwa na miaka minane ya ndoa na sikuwahi kuuona uso wa mama aliyemzaa mke wangu. Nilimjua kwa sauti yake, iliyokuwa nzito na safi, na kwa miguu yake, kwa kuwa nilikuwa nimeinamisha kichwa kila alipokuwa karibu. Mguu wa kushoto ulikuwa na pete za waya juu ya kifundo na kovu la jembe kwenye kidole gumba.

Miguu hiyo ndiyo niliyoiona ikiingia chumba cha daktari, asubuhi moja ya kiangazi.

Mke wangu alikuwa ameniambia tu kwamba mama yake atakuja mjini, ana mafua yasiyoisha, atalala kwa jirani kama kawaida. Sikufikiri atakuja hospitali siku ya zamu yangu. Niliziona zile pete za waya nikageuka papo hapo nikatazama kabati la dawa. Nyuma yangu nilisikia nguo ikivutwa, naye anajifunika.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: Bwana Daktari, huyu ni mkwe wangu, niruhusu nitoke, mtafute mtu mwingine. Sentensi moja. Kulikuwa na mpishi wa wodini aliyejua Kisukuma vizuri na Kiingereza cha kutosha. Lakini kumweleza mzungu mwenye haraka kwamba siwezi kumtazama mgonjwa kwa sababu nimeoa binti yake, kumweleza tena alipokuwa hajaelewa, kisha kusikia akicheka, niliona ni mzigo. Na kulikuwa na jambo jingine, la aibu zaidi. Daktari alikwisha kushika koleo la pua. Maneno ya pua yalikuwa yangu. Sikutaka mpishi ayaguse.

"Mwambie afunue uso," daktari alisema.

Nikaliambia kabati lifunue uso.

Kila swali lililofuata lilikuwa kitu ambacho mkwe hawezi kumwuliza mama mkwe. Makamasi yake yana rangi gani? Yanatoka na damu? Yananuka? Anapopenga kuna vigaga vinatoka? Nilishindwa kuyasema kwa Kisukuma. Nikayasema kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiswahili hayakuwa na makali, yalikuwa kama yanamhusu mtu wa mbali. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Alijibu "ndiyo" kwa kila swali, kwa sauti ndogo, ili niache kuuliza. Baadaye daktari alichukua uzi wa pamba akamgusa mkononi na shavuni, akaniambia nimwulize kama anasikia. Hapo hakusema ndiyo.

"Mahali gani?" aliuliza kwa Kisukuma. "Mbona hajanigusa bado?"

Nilitafsiri. Nilijua maana yake. Nilikuwa nimeona wagonjwa wa namna hiyo Geita. Nikaendelea kusoma lebo za chupa.

Daktari alikwangua kidogo ndani ya pua, akapaka kwenye kioo, akampeleka nje kusubiri, akaenda na kioo kwenye hadubini. Aliporudi alikuwa amevua miwani. Alisema maneno mawili: rinaitisi, na baada yake lepromatasi. Aliyatamka wazi, nami niliyaelewa yote mawili bila kitabu. La kwanza ni uvimbe wa ndani ya pua, kitu ambacho hata mafua ya mvua ni ndugu yake. La pili ni ukoma. Akasema zipo dawa mpya, vidonge, si zile sindano za mafuta za zamani, na kwamba akianza sasa pua yake itapona na mwili wake utapona, lakini asikawie, kwa kuwa ukuta wa kati umeanza kuliwa. Arudi Jumatatu aandikwe kwenye kitabu cha wagonjwa hao na aanze.

"Mweleze vizuri," aliniambia. "Vizuri kabisa."

Nikatoka barazani. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, nikasimama nyuma ya nguzo, yeye akiwa upande wa pili. Watu walikuwa wengi, wengine wa Didia kwake. Nikasema, "Mayu," yaani mama, "daktari anasema ni rinaitisi. Mrudi Jumatatu."

Daktari alisema maneno mawili, mimi nikavusha moja.

Nilijiambia kwamba la pili atalipata kwa njia yake ya heshima, kupitia kwa mke wangu. Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu anapepeta mtama, mtoto mgongoni. Aliniuliza, "Mama ana nini?" Nikamwambia, rinaitisi. Akauliza ni kitu gani hicho. Nikamwambia ni uvimbe ndani ya pua. Ilikuwa kweli. Kila neno nililolisema siku ile lilikuwa kweli, na ndiyo maana mpaka leo sijapata pa kujifichia.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mpaka nimechoka na jibu. Niliogopa mke wangu angelia na majirani wangesikia. Niliogopa watoto wangu wangeitwa wajukuu wa mkoma. Niliogopa kuwa mtu aliyemtia mama mkwe wake kwenye kitabu kile kwa mdomo wake mwenyewe. Na nilikuwa nimechoka, wallahi, nilikuwa nimebeba maneno ya watu arobaini siku ile, na hilo moja nikalitua njiani nikasema nitalirudia kesho.

Kesho yake mama mkwe aliagiza, kupitia kwa binti yake, nimfundishe jinsi ya kulitamka. Watu wa Didia wangemwuliza hospitali wamesema nini, naye hakutaka kulikosea. Nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikaa chumbani nikamwambia mke wangu: ri, na, i, ti, si. Mke wangu alikwenda jikoni. Nikamsikia mama yake kupitia ukutani: "Li-na-i-ti-si." Nikapaza sauti kidogo, nikiukabili ukuta: "Ri!" Halafu ile sauti nzito na safi: "Ri. Ri. Rinaitisi." Mimi ilinichukua miezi. Yeye alilipata kabla uji haujaiva. Mke wangu akacheka, na mama yake akacheka, hata mimi nikacheka peke yangu chumbani kama mjinga.

Akauliza tena, inaletwa na nini? Alikuwa mnusaji wa ugoro, na ile ndiyo starehe yake pekee tangu afiwe. Nikajibu kwamba ugoro hauifai pua, auache. Nilijiona nimempa angalau dawa. Siku ileile alimpa jirani kikopo chake cha ugoro.

Jumatatu hakurudi hospitali. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha na shamba linangoja, na kwa uvimbe wa pua hakuna mkulima anayeacha kupanda. Daktari aliniuliza, "Yule mama yuko wapi?" Nikasema amesafiri. Alikasirika, akaniagiza apelekewe habari, na mara mgonjwa mwingine akaingia anatapika. Miezi michache baadaye daktari alikwenda likizo kwao na aliyekuja badala yake hakujua habari za mtu wa Didia. Usiku wa siku aliyoondoka niliandika katika daftari, juu: lepromatous, katikati: le-pro-ma-ta-si. Chini sikuandika kitu.

Pamba ikavunwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Habari za Didia zilikuja na michembe, viazi vile vya kukaushwa, na karanga za watoto. Mama hajambo, ila pua bado. Mama hajambo, ila hakusikia maziwa yameungua mpaka moshi ulipojaa nyumba. Mama ameungua mkono kwa sufuria na hakujua. Kila habari ilipofika nilijiambia nitamwambia mke wangu leo jioni. Jioni ilifika nami sina neno. Kadiri nilivyokawia ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi, kwa kuwa sasa ningelazimika kueleza mambo mawili, ugonjwa wenyewe na ukimya wangu.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa Jumapili baada ya saa sita, nimelala mkekani uani, mke wangu amekwenda kisimani na watoto. Nilisikia mtu anapiga hodi, na sauti hiyo sikuijua. Ilitokea puani, haina mwili, king'ong'o kitupu. Nikafikiri ni ombaomba. Nikainua kichwa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni zile pete za waya, na lile kovu.

Nikageuka ukutani haraka, kama nilivyozoea.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

"Mwadila, baba." Akavuta pumzi kwa mdomo. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mama mkwe wa Kisukuma aliyelifanya mbele yangu kabla ya hapo wala baadaye. Alizunguka mkeka akaja kusimama upande ninaotazama. Nikageuka upande mwingine, akazunguka tena.

"Nitazame," alisema.

"Mayu, mnajua siwezi."

"Nimetembea tangu jana. Watoto wa Didia wananikimbia. Wewe ndiye uliyenipa jina la ugonjwa huu. Nitazame uniambie kama ndio huu."

Nikamtazama. Katika ndoa yangu ya miaka kumi na zaidi, ilikuwa mara ya kwanza kuona macho yake, na yalikuwa macho ya mke wangu. Nyusi hazikuwepo. Mwanzi wa pua ulikuwa umebomoka, pua imezama usoni, imebaki ncha na matundu mawili yanayotazama mbele. Nilijua jina la kila kilichoanguka pale. Septamu. Gegedu. Nilijua na jinsi ya kuyatamka.

"Nimewaambia watu wote," alisema, "kama ulivyonifundisha." Akajaribu. Midomo ilifanya kazi yake, lakini ile ri haikutoka, na zile silabi "na" na "ti" zilipotelea ndani ya uso wake. Akajaribu tena, polepole, silabi kwa silabi. Nikamwomba aache.

"Daktari alisema maneno mawili," nikamwambia. "La pili sikuwaambia, mayu."

"Liseme."

"Ukoma."

Nililisema kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, sijui kwa nini, labda nilikuwa nimezoea. Hakulia. Aliketi chini pale uani, akakunja miguu yake, akautazama mkono wake wenye kovu la sufuria.

"Hilo," alisema mwishowe. "Hilo ningeweza kulitamka."

Mke wangu alirudi na ndoo akatukuta tumekaa uso kwa uso. Alidhani mtu amekufa. Nikamweleza yote mbele ya mama yake. Alitua ndoo, akaingia ndani, na kwa majuma mengi alisema nami yale tu ya lazima. Sikumlaumu hata siku moja.

Jumatatu nilimpeleka mama mkwe hospitali mimi mwenyewe, nikasimama mbele yake, nikatafsiri kila neno kwa Kisukuma. Alianza vidonge. Vilifanya kazi, kama yule mzungu mwembamba alivyosema. Ugonjwa ulisimama palepale ulipofika, na aliishi miaka mingi, akalima, akalea vitukuu. Pua haikurudi, wala sauti. Vidonge havijengi kilichokwisha kubomoka. Ugoro hakuurudia, alisema hakuna tena pa kuuweka, na watu walicheka kwa sababu alicheka yeye kwanza.

Ile desturi yetu haikurudi pia. Nilijaribu. Kila nilipokwenda Didia nilikuwa nikiinamisha kichwa nikiwa bado mbali, nikitafuta pa kupita, kama mkwe mwenye adabu. Yeye alikuwa akiacha jembe, anakuja mpaka njiani, anafunua nguo usoni na kusimama mbele yangu, anasubiri mpaka niinue macho nimsalimie.